Cheti kinasema maji ya kijito ni salama. Kinatosha kuruhusu plenti ya marudio bondeni?

Mwanzisha mada (Mwanza): Wakuu, plenti za kuchenjua marudio ya dhahabu (mchanga uliobaki baada ya wachimbaji kuosha dhahabu yao) kwenye mabonde yanayomwaga maji Ziwa Victoria zinatugombanisha. Wenye plenti wanaleta cheti cha maabara: kijito kiko safi. Wanaopinga wanataka zote ziondoke. Nani yuko sahihi?

Mwendesha plenti (Geita): Cheti kinatosha. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na mtu anazifuata. Maji ya sayanaidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, yanazunguka humohumo kwenye matenki mpaka kaboni ishike dhahabu. Nani atamwaga sayanaidi aliyoinunua kwa bei hii? Halafu ikikaa wazi juani inapungua yenyewe. Ya kuogopa ni zebaki, ile inayotiwa kunasa dhahabu mialoni.

Mpima maji: Mkuu, hapo kwenye mialo umejifunga mwenyewe. (Wa soko la samaki la Kirumba msichanganye, huu si mwalo wa samaki, ni wa kuoshea dhahabu.) Marudio unayojaza tenkini yametoka mwaloni, yana zebaki tayari. Sayanaidi haichagui: inayeyusha dhahabu, inayeyusha na zebaki. Zebaki iliyokuwa punje nzito imetulia mchangani sasa inatembea na maji. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia 2020, unaitaja kazi hiyo, yaani kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza, kati ya njia nne mbaya za kukomeshwa. Mita 60 hazigusi tatizo hilo.

Sasa cheti. Kabla ya kusoma namba, uliza chupa ilijazwaje. Ya sayanaidi inatiwa sodiamu haidroksaidi hadi pH (kipimo cha asidi; ikiwa chini, asidi ni kali) ipite 12, inakaa gizani kwenye barafu. Ya metali ni kinyume: unachuja kwa kichujio cha mikroni 0.45 palepale mtoni, ndipo unatia asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukizichanganya, ukatia asidi kwenye chupa ya sayanaidi, inageuka gesi, tena gesi ya kuua, na maabara itakusomea karibu na sifuri. Zebaki nayo usiibebe kwenye chupa ya maji ya dukani. Inanata kwenye plastiki na kuvuja kama mvuke. Tumia glasi iliyooshwa kwa asidi.

Na zebaki hupendelea tope kuliko maji. Kijito cheupe cha Agosti hakikuambii kitu. Chota tabaka la juu la tope pale maji yanapotulia, kwenye mafunjo, maana humo bakteria wanaigeuza kuwa zebaki ya methili inayopanda hadi kwenye samaki. Kisha rudi mvua za kwanza za vuli zikikokota marudio.

Mjiolojia: Nakubali kuhusu chupa, lakini usiitupie plenti kila kitu. Miamba ya dhahabu ya ukanda huu ina arseniki, sumu nyingine, ya asili. Kisima kikizidi miligramu 0.01 kwa lita, kiwango cha WHO (Shirika la Afya Duniani), huenda mgodi hauhusiki. Bila vipimo vya kabla ya plenti, na vya juu ya mkondo siku ileile, hiyo ni kesi isiyo na shahidi.

Mwanzisha mada: Kule Ngaka na Kiwira kwenye makaa ya mawe wasiwasi ni maji kuwa machungu kwa asidi. Huku nako?

Mjiolojia: Kemia ni ileile: piraiti, madini ya chuma na salfa, ikikutana na hewa na maji inazaa asidi ya salfa. Pima salfa ya salfaidi kwenye jiwe. Kila asilimia 1 inahitaji kilo 31.25 za kalsiamu kaboneti kwa tani kuizima. Jiwe lisipokuwa nazo, rundo litachuja asidi miaka mingi baada ya mwenye mgodi kuondoka.

Mwendesha plenti: Visima viwili vya uangalizi, juu na chini ya plenti, nakubali, na tope lipimwe. Ila kuondoa zebaki kabla ya tenki nani analipia? Mchimbaji mdogo wa mifuko 40 ya mawe hataweza.

Mpima maji: Basi asiitie tangu mwanzo. Aoshe, abaki na mchanga mzito kidogo, auyeyushe kwa boraksi, chumvi inayosaidia dhahabu kujitenga bila zebaki. Mwenye plenti apokee marudio ya namna hiyo tu.

Mwendesha plenti: Akiyakataa yale mengine, yatapelekwa kwa jirani usiku.