MJADALA: Kupiga marufuku uuzaji wa vifaa vya kutumia dawa za kulevya, Katiba inaruhusu?

Makoroboi_Mjini: Wakuu, tuseme Bunge linapiga marufuku kuuza karatasi za kusokotea, viko vya kuvutia bangi na mizani midogo. Sheria hiyo itapita kwenye ibara ya 30 ya Katiba, ile ya mipaka ya haki? Naona itafutwa mchana kweupe.

Wakili_Capripoint: Si haraka hivyo, mkuu. Tangu kesi ya Pumbun hapa Tanzania, 1993, sheria inayobana haki isiache mwanya wa kutumika kiholela, wala isibane kuliko inavyohitajika. Marekani mwenye duka alilalamika kuwa sheria ya kumtaka awe na leseni ya kuuza vifaa hivyo haieleweki, kesi ya Hoffman Estates, 1982, akashindwa. Mwaka 1994 Mahakama yao ya Juu ikasema lazima ithibitike muuzaji alijua bidhaa huenda ikatumika kwa dawa za kulevya.

Sangara_Mzito: Marekani tena! Mizani ya gramu 0.01 huku ni ya wanunuzi wa dhahabu. Na sindano ya mililita 1 yenye alama 100 ni ya insulini. Ikianza kufichwa madukani, mgonjwa wa sukari anahangaika, wanaojidunga wanachangia moja, UKIMWI na homa ya ini C vinasambaa.

Wakili_Capripoint: Ndiyo maana nikasema muuzaji awe anajua. Soma kwanza.

Dada_wa_Dagaa: Kujua, kujua! Mbona sisi wavuvi kwenye nyavu za timba hakuna anayeuliza ulijua nini? Wavu unakamatwa, unachomwa.

Wakili_Capripoint: Timba ni haramu yenyewe, uzi mmoja wa plastiki, unautambua kwa macho. Kiko hakijisemi.

Kirumba_Mwaloni: Kwa macho? Wakili hujashika wavu wewe. Zipo timba zilizosokotwa, mpaka ufumue uzi. Na makira, nyavu za kutegea samaki, je? Jicho la wavu hupimwa limenyooshwa, fundo hadi fundo la upande wa pili. Mtu akipima ubavu mmoja, inchi 6 inasomeka 3, makira halali yanaitwa haramu.

Makoroboi_Mjini: Jamani, tulikuwa kwenye viko.

Dada_wa_Dagaa: Viko havilipi ada ya shule.

Wakili_Capripoint: Mwenye hasira aende Mahakama Kuu kwa Sura ya 3, sheria ya kudai haki za msingi, majaji watatu. Mwaka 2020 liliwekwa sharti la kuapa kwanza jinsi ulivyoathirika wewe binafsi, Mahakama ya Rufani ikalibatilisha 2025. Na hata ukishinda, mahakama inaweza kuipa Serikali muda wa kurekebisha badala ya kuifuta sheria.

Sangara_Mzito: Kwa hiyo muuza rizla, hizo karatasi za kusokotea, asubiri akamatwe?

Kirumba_Mwaloni: Achana na rizla. Wavu ukishakuwa majivu, inchi 6 unazithibitisha na nini?

Wakili_Capripoint: Picha yenye rula juu ya jicho, kabla ya kiberiti.

Kirumba_Mwaloni: Na simu nayo imeshikiliwa kama kielelezo.