Mrejesho: Cherehani yangu iliyozuiliwa na fundi

Awali niliomba ushauri kuhusu cherehani yangu ambayo fundi alikataa kuirudisha ingawa nilikuwa nimekwisha kumlipa ujira wake wote. Leo naleta mrejesho. Kama nilivyoshauriwa, sikwenda kuichukua kwa nguvu (hasira ilikuwepo, nakiri), bali nilimwandikia barua ya madai yenye namba iliyochongwa chini ya kitako cha cherehani, nikaambatisha nakala ya risiti na kumpa siku 14. Wakili alinieleza kwamba fundi ana haki ya kuzuia mali hadi alipwe kwa kazi aliyoifanya, lakini haki hiyo hukoma malipo yanapokamilika, na kwamba kukataa kwake baada ya kudaiwa rasmi kungekuwa ushahidi muhimu kwamba anaishikilia isivyo halali. Siku zilipita kimya, hivyo mimi na wakili tukafungua kesi mahakamani. Katika hati ya madai (hati inayofungua kesi) tuliomba nirudishiwe cherehani yenyewe au, ikishindikana, thamani yake, pamoja na fidia ya kipindi nilichokosa kuitumia. Tuliomba pia amri ya muda ya kumzuia asiiuze. Alipopokea wito wa mahakama aliirudisha, sindano ikiwa imevunjika. Nilisaini kwamba nimepokea mali tu, bila kusamehe dai la fidia, ambalo bado linasubiri kusikilizwa.