MREJESHO: Kile kivimbe kwenye titi la kushoto

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Ni mimi wa miaka 24 niliyeuliza kuhusu kivimbe cha ukubwa wa gololi, kisichouma, ukikigusa kinateleza. Nilipigwa altrasaundi, kisha wakachukua kinyama kwa sindano. Ganzi ndiyo iliyochoma zaidi. Majibu: fibroadenoma, si saratani. Daktari kasema huwapata sana mabinti wa umri wangu, wala si lazima kukitoa. Nirudi baada ya miezi 6 waone kama kimekua. Mama alilia palepale kwenye benchi. Dada uliyeniambia nikande maji moto nisubiri, nakuomba usimwambie mwingine hivyo, kwa vidole tu hakuna anayejua. Chuchu ikitoa damu au ngozi ikibonyea, nimeambiwa nisingoje hiyo miezi 6.