MREJESHO: Mwajiri aliyekataa kukitambua chama chetu kiwandani

Wakuu, niliuliza tufanyeje mwajiri akigoma kuzungumza na chama cha wafanyakazi huku vumbi la mbao likitumaliza. Asanteni sana! Ushauri wa kuanza na fomu TUF 6 (ya mwanachama kuridhia kukatwa ada ya chama kwenye mshahara) ndio uliotubeba. Wanachama tulipovuka nusu ya wafanyakazi, chama kikampelekea mwajiri notisi ya kutambuliwa, chini ya kifungu cha 67 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania. Siku 30 zikapita bila kikao, tukaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Kwenye usuluhishi mwajiri akakubali kukitambua chama. Kila fomu iwe na sahihi ya mwanachama mwenyewe, maana hapo ndipo waajiri hupata pa kubishia idadi.

Barakoa na wawakilishi wa usalama tumepata. Mashine ya kufyonza vumbi bado, na bila hiyo barakoa hazitoshi kabisa. Tumeiweka ajenda ya kwanza kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri.