Olaparibu, niraparibu au bevasizumabu: ipi imfae dada yangu?

Mwana wa Kirumba
Habari zenu, wanajamvi. Dada yangu amemaliza mizunguko sita ya tibakemikali, yaani karboplatini na paklitakseli, kwa saratani ya ovari iliyogunduliwa ikiwa hatua ya tatu, na picha ya karibuni inaonyesha kwamba ugonjwa umetulia. Daktari ametutajia dawa tatu za kuuzuia usirudi, yaani olaparibu, niraparibu na bevasizumabu, akatuachia tushauriane kwa kuwa gharama ni yetu. Ukoo umekubali kuuza kiwanja, na mnunuzi anakuja wiki ijayo. Ipi ni bora?

Bi Rukia
Pole sana kwa uuguzi, ndugu yangu. Umeacha jambo ambalo bila hilo hakuna wa kukujibu: kipimo cha jeni za BRCA1 na BRCA2 kimesema nini? Olaparibu na niraparibu huzima kimeng'enya cha PARP, ambacho seli hukitumia kuziba nyufa za DNA. Seli ya saratani yenye BRCA mbovu imekwisha kupoteza njia nyingine ya kujitengeneza, hivyo ikifungiwa na hii hufa. Katika utafiti wa SOLO-1, uliohusu wanawake wenye kasoro hiyo, asilimia 67 ya waliopewa olaparibu walikuwa hai baada ya miaka 7, ilhali kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, kwa ajili ya kulinganisha, walikuwa takribani asilimia 47. Takwimu hizo si za kila mgonjwa, na msiuze kiwanja kabla ya majibu.

Mzee Kigoda
Mimi ningechukua niraparibu bila kusita. Humezwa mara moja kwa siku, ilhali olaparibu ni asubuhi na jioni, na utafiti wake wa PRIMA uliwapokea hata wasio na kasoro ya BRCA.

Bi Rukia
Ni kweli uliwapokea, mzee wangu, na ugonjwa ulichelewa kurudi. Hata hivyo, matokeo ya mwisho yaliyotolewa mwaka 2024 hayakuonyesha kwamba waliopewa dawa hiyo waliishi muda mrefu zaidi ya wenzao.

Mama Zuhura
Kabla hamjaipokea niraparibu, niambieni mgonjwa ana kilo ngapi. Wifi yangu hakufika hata kilo 60, lakini hospitali moja ya binafsi ilimwanzishia miligramu 300 kwa siku, ingawa mwongozo wa dawa unasema mwenye uzito chini ya kilo 77, au mwenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu, chini ya 150,000, aanze na 200. Hakuna aliyetuambia kwamba mwezi wa kwanza damu hupimwa kila wiki. Fizi zilianza kuvuja damu, tukadhani ni mswaki mgumu, tukanunua mwingine. Baadaye mapaja yakatoka madoa ya zambarau, na tulipompeleka kwingine chembe sahani zilikuwa zimeshuka mno hata akaongezewa usiku uleule. Dawa ilisimamishwa, kisha akarudishiwa kwa kipimo kidogo, na hadi leo anaendelea nayo. Kwa hiyo siilaumu dawa, nawalaumu waliompa.

Mwana wa Kirumba
Ahsanteni. Kipimo cha jeni hakijafanyika. Uzito wake siujui, ila amekonda. Na vipi kuhusu bevasizumabu, ambayo nasikia ina nakala za bei nafuu?

Daktari Mstaafu
Bevasizumabu huzuia uvimbe usijiotee mishipa mipya ya damu, na kwa kawaida huanza pamoja na tibakemikali, kisha huendelea peke yake kwa dripu kila wiki tatu. Je, dada yako aliianza? Ana presha? Utumbo wake uliguswa wakati wa upasuaji? Dawa hii hupandisha presha, hupitisha protini kwenye mkojo, na mara chache hutoboa utumbo. Tena haipaswi kutolewa kabla ya siku 28 kupita tangu upasuaji mkubwa. Ulizeni pia kama kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta bado kipo maabara, kwani BRCA inaweza kupimwa humo.

Mzee Kigoda
Kwa upande wa bei, zipo olaparibu za Bangladesh ambazo jirani yangu huletewa na msafiri. Ni nafuu kuliko Lynparza, yaani olaparibu yenye jina la kampuni asilia, kwa mbali sana.

Bi Rukia
Je, zimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania? Kidonge kilichosafiri begani mwa mtu hakina wa kukithibitisha, hata kama kiwanda ni halali.

Mzee Kigoda
Usajili haumtibu asiye na fedha, bibi. Jirani yangu yu hai.

Mama Zuhura
Yu hai kwa dawa au kwa upasuaji? Tusimpotoshe kijana wa watu.

Mwana wa Kirumba
Nimepiga simu maabara, na wameahidi kukitafuta hicho kipande. Lakini kuna jambo limezuka nyumbani: ikiwa kasoro ni ya kurithi, je, sisi wanaume nasi tunapimwa?

Daktari Mstaafu
Ndiyo, nanyi mnapimwa, kwa damu au mate, kwa sababu mwanamume huirithi na kuirithisha vilevile, na BRCA2 huongeza hatari ya saratani ya tezi dume. Aanze dada. Mama yenu, au dada zake, waliwahi kuugua?