Desktopu inakufa ikibuti kwa DVD: nianze na DVD mpya, fleshi au RAM?

mpigachapa_tbr
Wakuu habari za muda huu. Nina desktopu ya mtumba hapa ofisini, Core 2 Duo, RAM 4GB yaani vipande viwili vya 2GB, DDR3. Nataka kuipiga Windows 7 ya 64-bit maana printa tuliyonayo na programu ya stoo vinaitaka hiyo. DVD inasoma, inapakia mafaili, ule mstari unajaa, halafu skrini ya bluu inapita fasta inarestati. Saa nyingine haifiki hata kwenye nembo. Hadi diski (hard disk) yenyewe ni tupu kabisa. Naona njia tatu, nichome DVD nyingine, nihamie kwenye fleshi, au ninunue RAM, na hela ya kujaribu vyote sina. Ipi itangulie?

kibodi_ya_pwani
Fleshi mkuu, achana na DVD. Chukua fleshi ya 8GB, tumia Rufus (programu ya kutengeneza fleshi ya kubuti), humo chagua MBR na BIOS, mpangilio wa mashine za zamani kama hiyo, kisha kwenye menyu ya kubuti chagua USB. DVD ikiwa na mkwaruzo kidogo au lenzi ina vumbi inakusumbua siku nzima, na hizi za kuchomwa mtaani wengi wanachoma spidi ya juu kabisa ili wamalize haraka.

njoro_254
Boss ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, SATA (njia ya kuongea na diski) itoe kwa AHCI uweke IDE ambayo ni mtindo wa zamani. Nilikuwa na mashine ilikuwa inaleta kosa la 0x0000007B, yaani haioni diski, kila nikiweka CD ya Windows, nikabadilisha hapo tu ikakubali.

Fundi Salome
Njoro hiyo ni dawa ya Windows XP kaka, CD yake haikuwa na draiva ya AHCI ndiyo maana ilikuwa inaikosa diski. Kuanzia Windows Vista, iliyofuata XP, draiva imo ndani. Tena 0x7B inakuja ileile kila mara, huyu anasema mara inakufia hapa mara pale.

Na hapo ndipo pa kuangalia mpigachapa kabla hujatoa hata shilingi. Ikifa sehemu ileile kila ukiwasha, shuku DVD au lenzi, kwa sababu faili bovu liko palepale siku zote. Ikifa sehemu tofauti tofauti, shuku RAM au umeme. Huo mstari unaojaa ni faili linaitwa boot.wim linahamishwa lote kutoka kwenye DVD kwenda kwenye RAM, na programu ya kusetapu inakimbilia humo humo kwenye RAM, haikimbilii kwenye DVD. Sasa kipande kikiwa na sehemu mbovu ndani, faili likatua hapo, limeshaharibika hata kama DVD ni safi kama ya dukani, na ukitumia fleshi linatua palepale. Kwa hiyo fleshi inakwepa DVD mbovu, RAM mbovu haiikwepi.

Chukua simu urekodi video wakati inawaka, ukisimamisha video utasoma yale maandishi ya kwenye skrini ya bluu. Tuletee.

zamu_ya_usiku
Naungana na dada Salome ila msisahau pawa saplai. Tofauti yake ni kwamba umeme ukiyumba mashine inazima kavu kavu bila skrini ya bluu, hasa DVD inapoanza kuzunguka. Fungua boksi uangalie kapasita za kwenye mazabodi pembeni ya prosesa, zikiwa zimevimba kichwani au zimetoa ute wa kahawia basi RAM utabadilisha bure. Ile betri ndogo ya mazabodi, CR2032, ikifa inakupotezea saa na mpangilio wa kubuti, hii ya kukrashi siyo yake.

mpigachapa_tbr
Kapasita ziko bapa zote. Video nimechukua, mara ya kwanza inasema MEMORY_MANAGEMENT, nikawasha tena ikasema PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Na jirani kanipa DVD yake ya Linux Mint, mfumo mwingine usio Windows, nayo imeganda katikati.

Fundi Salome
DVD mbili tofauti na makosa mawili tofauti, anza na RAM. Ila usinunue bado! Pakua MemTest86+, programu ya kupima RAM, ni ya bure na ni ndogo sana, ichome kwenye CD. Chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwasha sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa bati la boksi ndio ushike RAM. Futa meno yake kwa raba ya penseli taratibu, pangusa makombo. Weka kipande kimoja tu, acha ipite duru nzima, mistari myekundu ikitokea hata mmoja hicho hakifai. Kisha kipande cha pili. Halafu, wengi wanaruka hapa, kile kizima kijaribu kwenye sloti zote mbili, isije ikawa sloti ndiyo mbovu ukalaumu RAM.

kibodi_ya_pwani
Sawa kwa makosa hayo nimeelewa, RAM kwanza. Ila mimi bado kama RAM ni nzima naenda fleshi kabla ya kuchoma DVD nyingine.

mpigachapa_tbr
Majibu wakuu. Kipande kimoja kimemwaga mistari myekundu dakika za mwanzo tu, nimekihamisha sloti bado vilevile. Kingine kimepita safi sloti zote. Nimekiacha hicho peke yake na DVD ileile ya mwanzo imeingiza Windows hadi mwisho. Asante sana dada Salome, nimebaki na hela yangu. 2GB itatosha?

Fundi Salome
Windows 7 ya 64-bit 2GB ndiyo kiwango cha chini, itabuti ila ukifungua brauza na programu ya stoo pamoja utaiona inavyohema. Ukienda kununua sema DDR3 ya desktopu, spidi ya 1066 au 1333, usipewe ya laptopu, ile ni fupi haiingii.

zamu_ya_usiku
Na Windows 7 haipati masasisho ya usalama tangu 14 Januari 2020, kwa hiyo mambo ya benki fanyia mashine nyingine, hiyo iache na printa na stoo.

njoro_254
Salome nikiweka DDR3 moja ya 1066 na ingine ya 1333 zitaelewana?

Fundi Salome
Kwa kawaida zinaelewana, zote zitakimbia spidi ya ile ya chini. Ukimaliza kuziweka piga MemTest tena zikiwa pamoja.