Nilikodishwa gari-nyumba bovu Nakuru, na sasa mwenyewe amezuia amana yangu

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Katika likizo ya Aprili nilikodi gari-nyumba hapa Nakuru, basi dogo lililogeuzwa likawekwa vitanda, sinki na jiko la gesi, ili nimpeleke mke wangu, mama mkwe na watoto wetu wawili Kisumu na baadaye Msitu wa Kakamega. Kodi ilikuwa Sh14,000 kwa siku, na juu yake nikaweka amana ya Sh30,000. Makabidhiano hayakuchukua hata robo saa. Nilipouliza kama kuna jambo ninalopaswa kujua kabla ya kuondoka, mkodishaji alinijibu, "Mzee, hii ni kama Probox tu, utakuwa umeizoea kabla ya kufika Salgaa," kisha akanipa ufunguo na kuondoka zake.

Gari-nyumba si Probox, gari dogo la kawaida. Tangi lake la maji likijaa lita 100, umeongeza kilo 100 papo hapo, na bado hujahesabu mtungi wa gesi, magodoro, vyombo na watu watano. Uzito huo wote huonekana barabara inapoanza kushuka. Kutoka Kericho, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,000, unateremka hadi Ahero, chini ya mita 1,200, na mwenye gari zito anapaswa kuweka gia ndogo mapema, aiachie injini kazi ya kulizuia gari, na kukanyaga breki kwa vipindi badala ya kuikandamiza mfululizo. Nakiri kwamba kwa kilomita kadhaa niliitegemea breki kuliko ilivyofaa, kwa kuwa sijawahi kuendesha gari la namna hiyo na hakuna aliyenieleza. Kabla ya Awasi, mama mkwe akasema ananusa kitu kinachoungua. Nilipokanyaga breki, pedali ilizama karibu na sakafu.

Saa moja hivi kabla ya hapo tulikuwa tumepita Londiani, mahali ambapo tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo na kuua zaidi ya watu 50 waliokuwa kando ya barabara. Nilirudi gia ya pili, nikawasha taa za dharura na kulisimamisha gari kwenye bega la barabara huku gurudumu la mbele la kushoto likitoa moshi. Nilitafuta pembetatu za tahadhari nikapata moja tu, nayo imevunjika mguu. Kizima-moto kilikuwepo, lakini mshale wa kipimo chake ulikuwa kwenye eneo jekundu, yaani hakikuwa tayari kutumika.

Fundi aliyekuja kutoka Awasi alifungua gurudumu na kuniwekea pedi za breki kiganjani. Za upande wa kushoto hazikuwa na kitu tena, chuma kilikuwa kikisuguana na diski. Pedi hazimalizwi na mteremko mmoja, hata dereva awe mgeni kiasi gani. Kisha akachukua kitambaa kilicholowa, akafuta ubavu wa tairi la nyuma na kunionyesha tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 2213. Maana yake ni kwamba tairi lile lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2013. Kashata zake, yaani michoro ya mpira inayogusa barabara, zilikuwa nzuri kwa macho, na ndiyo maana sikushtuka tulipoondoka, lakini mpira ulikuwa umepasuka mipasuko midogo pande zote. Tafadhalini, kabla ya kutoa pesa, inameni msome tarakimu hizo katika matairi yote, pamoja na spea.

Jambo linaloniuma kuliko yote lilitokea usiku, tulipokuwa tumeegesha katika uwanja wenye mlinzi karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu. Mke wangu alihisi harufu ya gesi ingawa jiko lilikuwa limezimwa. Tulifunga mtungi, tukawatoa watoto nje na kuacha milango wazi kwa muda mrefu, bila kugusa swichi yoyote. Baadaye nilifungua mtungi kidogo na kupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, na mapovu yakaanza kutoka mahali mpira unapobanwa na klipu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, na kwa sababu hiyo gari la namna hii huwekwa matundu sakafuni ili gesi inayovuja itoke nje. Matundu ya gari letu yalikuwa yamefunikwa kwa zulia lililogundishwa kwa gundi, ili pawe safi machoni mwa wateja. Binti yangu wa miaka sita alikuwa amelala kwenye kitanda cha chini, hatua moja kutoka hapo!

Kakamega hatukufika. Tuliporudi Nakuru, mkodishaji aliniambia kwamba nimemchomea breki na kwamba amana yangu ndiyo itakayozitengeneza, wakati pedi mpya nimeshanunua mimi kule Awasi. Niliomba kuona bima, nikakuta ni ya matumizi ya binafsi, si ya gari la kukodishwa, maana yake tungepata ajali, kampuni ya bima ingekuwa na sababu ya kukataa kulipa. Muulizeni mkodishaji swali hilo siku ya kwanza, na msikubali jibu la mdomo.

Nataka Sh30,000 zangu na Sh8,600 nilizomlipa fundi. Pedi za zamani ninazo kwenye mfuko wa khaki, pamoja na risiti na picha za tairi, mpira wa gesi na lile zulia, na asipolipa nitampeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Aliyewahi kupitia huko anieleze alianzia wapi. Jumamosi iliyopita nililiona gari lilelile likielekea Njoro, limejaa watoto.